Seva ya chini ya meza

Wadau wangu, kimya kingi kina mshindo. Najua nilipotea karibu mwezi mzima, na kuna wawili watatu mliniuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha. Bumu limechelewa, lakini hiyo wala si habari. Niko fildi tu, nimepangiwa shule moja ya sekondari huku upande wa Meru: unashuka kwenye Hiace barabara ya Moshi, unapandisha kwa mguu karibu nusu saa katikati ya migomba na kahawa, na asubuhi za Julai ukungu ni ule wa kumsikia ng'ombe kabla hujamwona. Jioni narudi hosteli na vumbi hadi magotini. Ila leo sitaki kuwaandikia habari za vumbi. Nataka kuwaandikia historia, mimi ambaye kidato cha nne nilipata D ya historia na nikamshukuru Mungu.

Ilianza hivi. Shule ina kompyuta 19 na karibu kila kundi lilikuja na msaada wake. Tisa zimefika mwaka huu, zina Windows 10. Nne ni za kale, Windows XP, kumbukumbu megabaiti 512. Tatu ni iMac alizoleta mfadhili mmoja baada ya ofisi yake huko kwao kununua mpya; zimefika kwenye mfumo wa mwaka 2015 na hapo zikagota, hazipandi tena. Mbili zina Ubuntu. Moja ni laptopu ya mhasibu, ambayo kuigusa ni kosa la jinai. Halafu kwenye chumba cha zamani cha jiografia, chini ya meza, ipo ya ishirini: Pentium 4, kava lilishatolewa siku nyingi, inapulizwa na feni ya mezani. Hiyo ndiyo seva. Ndani yake kuna alama za wanafunzi tangu 2004, pastpepa, barua za bodi, orodha za ada.

Zile mashine mpya tisa hazikuweza kufungua hata faili moja kutoka humo. Na diski ya seva imeanza kutoa sauti kama mtu anatafuna bisi gizani. Mkuu wa shule akaniita: "Binti, Ijumaa bodi inakaa. Niandikie karatasi moja tu, tuweke mfumo gani kwenye seva." Mhasibu alikuwa ameshaleta ankara ya Windows Server kutoka duka moja mjini. Mimi nikajiambia hiyo kazi ni ya nusu saa. Linux, bure, kwisha. Kijana wa mwaka wa pili hana shaka na jambo lolote, si mnajua.

Sasa seva ile ina mwenyewe. Ni mwalimu wa hesabu, anastaafu Desemba akitimiza miaka 60. Nilimkuta ofisini anasahihisha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kuizika seva yangu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta droo, akanipa daftari la mraba, kaunta buku la kurasa mia mbili, limefungwa raba. "Soma kwanza," akasema, "halafu ndiyo uandike hiyo karatasi." Nimelisoma usiku tatu. Kila alichokigusa kwenye ile mashine tangu 2003 amekiandika, tarehe, saa, na amri yenyewe kwa kalamu ya bluu. Makosa kwa kalamu nyekundu. Haya ninayoandika hapa nusu yake yametoka humo, na nusu nimeyatafuta mwenyewe ili nielewe anachosema.

Kwanza niwarudishe nyuma kidogo, maana huyu mzee na kompyuta nchini karibu walizaliwa pamoja. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Kiingereza aina ya ICT 1500. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ikaenda kombo, fedha za kigeni zikaungua, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Televisheni nazo zilikumbwa; ndiyo maana Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu 1973 wakati huku bara tulisubiri mpaka 1994. Watu wengi wanaichekea ile marufuku. Mimi siichekei sana, maana waliokuwa wanauza zile mashine walikuwa wanauza na fundi wake, na fundi akiondoka mashine inabaki kabati. Ila ilikuwa na gharama yake. Ile miaka ambayo vyuo vya wenzetu vililea watu wa Unix kwenye mashine kubwa za pamoja, sisi tulikuwa nje. Marufuku ilipolegea tukaingia moja kwa moja kwenye kompyuta ndogo za mezani, zenye DOS na baadaye Windows. Kwa hiyo sura tuliyoizoea ikawa ni Windows, na fundi aliyepatikana akawa ni fundi wa Windows. Hilo ni la kukumbuka, nitalirudia.

Miaka ya tisini ukitaka kompyuta nyingi zitumie faili za pamoja na printa moja, chaguo lililotawala duniani lilikuwa NetWare ya kampuni ya Novell, lililotoka 1983. Lilikuwa jepesi na gumu kufa. Lakini ukikaa mbele ya seva yake unakutana na skrini nyeusi na maandishi. Mwaka 1993 Microsoft wakatoa Windows NT, na 1996 ikaja NT 4.0 yenye sura ileile ya Windows 95. Sura tu! Mtu ambaye ameshajua kubofya kwenye kompyuta ya karani aliona anaweza kubofya na kwenye seva. Mimi naamini hilo ndilo lililomaliza mchezo kwa NetWare kuliko hoja yoyote ya kitaalamu. Watu hununua kile ambacho jirani yao anajua kukitengeneza, kama baiskeli.

Wakati huohuo kulikuwa na mwanafunzi mmoja Canberra, Australia, anaitwa Andrew Tridgell. Alikuwa anasoma shahada ya uzamivu, na mwishoni mwa 1991 alitaka kitu kidogo sana: kompyuta yake ya DOS ione faili zilizokuwa kwenye mashine ya Unix. Hakuwa na nyaraka za jinsi zile mashine zinavyoongea. Akafanya nini? Akasikiliza. Alitega programu kwenye waya, akaangalia mashine moja inasema nini na nyingine inajibu nini, kama mtoto anavyojifunza lugha ya nyumbani bila kitabu cha sarufi. Januari 1992 akaitoa kwa watu. Ndiyo hiyo baadaye ikaitwa Samba, jina alilopata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo, kwa sababu SMB ndiyo jina la ile itifaki. Faida yake ni kwamba seva ya Linux inajifanya Windows, na zile Windows zilizounganishwa hazijui tofauti. Kwa mtandao wa mchanganyiko kama wetu hilo ni jambo kubwa.

Daftari linaanza Machi 2003. Mwalimu alipewa CD za Red Hat 7.1 na rafiki yake mjini, na Samba ilikuwa humo. Alichagua Linux kwa sababu ya Squid, na falsafa haikuwamo hata kidogo. Lazima niwaeleze wadogo zangu mliozaliwa na fiba. Kabla ya mkonga wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, intaneti ya huku ilipita kwenye dishi: ishara inapanda kilomita 36,000 kwenye setilaiti, inashuka, jibu linapanda tena, linashuka tena. Zaidi ya nusu sekunde kabla hujapata hata herufi moja, na bomba lenyewe jembamba, mnagawana. Squid, iliyotoka 1996, inakaa katikati na kutunza nakala ya kila ukurasa uliokwisha kuvutwa. Mwanafunzi wa kwanza akifungua ukurasa, dishi linafanya kazi. Wa pili mpaka wa arobaini wanaupata kutoka kwenye diski ya seva. Shule ilikuwa inapata intaneti kupitia kituo cha jirani saa mbili kwa siku, na mwalimu ameandika kwa herufi kubwa: "LEO DARASA ZIMA LIMEONA RAMANI ILEILE." Nimeipenda hiyo sentensi.

Sehemu ya kalamu nyekundu inaanza 2006. Wakubwa mnaukumbuka mgao wa mwaka ule. Mvua zilikosekana, Mtera ikakauka, umeme ukawa wa saa chache, na lile sakata la Richmond lililozaliwa humo ndilo lililomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa, mbunge wa Monduli hapa jirani, ajiuzulu Februari 2008. Kwenye vitabu vya historia mgao ni siasa. Kwenye daftari la mwalimu mgao ni mfumo wa mafaili. Red Hat yake ya zamani ilitumia ext2, na ext2 umeme ukikatika ghafla inabidi ikague diski nzima kabla ya kuwaka. "Ukaguzi dakika 40. Umeme umekata tena dakika ya 35." Imeandikwa hivyo, mara tatu wiki moja! ext3, iliyoingia kwenye Linux mwishoni mwa 2001, inaandika kwanza kumbukumbu ya anachotaka kufanya, kwa hiyo ikizimika inasoma kumbukumbu na kuendelea ndani ya sekunde. Agosti 2006 akahamia Debian yenye ext3. Haki itendeke: NTFS ya Windows NT ilikuwa na ujanja huo tangu 1993. Angekuwa na NT asingepata shida hii. Angepata nyingine, maana Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilizunguka dunia na mwaka uliofuata Sasser, na dawa yake ilikuwa kuvuta masahihisho ya Windows kupitia lile dishi jembamba, mashine baada ya mashine.

Nikauliza, je, ile hoja ya lugha haikumgusa? Maana 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na wakati ule ilionekana programu huria ndiyo njia ya kujitegemea, kama vile Azimio la 1967 limerudi kwa sura ya CD. Mzee akatabasamu. Aliiweka kwenye mashine zote. Wanafunzi waliipenda. Lakini walipoenda kuomba kazi mjini waliulizwa kama wanajua Word, na mwaka uliofuata wazazi wakaomba Word irudi. Hiyo ameiandika kwa kalamu ya bluu, hakuiona kama kosa. Linux ikabaki chini ya meza, Windows juu ya meza.

Na hapo juu na chini ya meza palikuwa na vita huko Ulaya. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497, na sehemu moja ya kesi ilikuwa hasa hii yetu: kwamba walificha jinsi Windows inavyoongea na seva, ili seva za wengine zionekane mbovu. Microsoft wakakata rufaa, wakashindwa Septemba 2007, na Desemba mwaka huohuo watu wa Samba wakapata nyaraka zile kwa yuro 10,000, malipo ya mara moja. Miaka kumi na sita walikuwa wanasikiliza kwenye waya. Mwishoni mwa 2012 Samba 4 ikatoka ikiwa na uwezo wa kusimamia mtandao mzima wa Windows, majina na nywila na kila kitu.

Sasa turudi kwenye zile mashine tisa, maana hapa ndipo historia ilinishika shati. Seva ya mwalimu ilipandishwa mara ya mwisho kwenda Debian 7, yenye Samba 3.6, na kwa mipangilio yake ya kawaida inaongea ile SMB ya kwanza, ya kizamani. Mei 2017 WannaCry ilipita humohumo kwenye SMB ya kwanza na kufunga mafaili ya hospitali za Uingereza. Kuanzia vuli ya mwaka ule Windows 10 ikaacha kuiweka kabisa. Kwa hiyo mashine mpya zinagonga, seva inajibu kwa Kiswahili cha babu, mashine zinakata simu. Unaweza kuzilazimisha zikubali, ni kubofya mara nne. Ila Debian 7 haijapata masahihisho ya usalama tangu 2018. Na upande wa pili zile XP nne hazijui lugha nyingine isipokuwa hiyo ya babu. Ukiiinua seva, XP zinakatika. Ukiiacha, mpya zinakatika, au unafungua mlango ambao dunia nzima imeshaufunga.

Nikarudi kwa mwalimu na karatasi yangu. Nimeandika vizuri kabisa: Debian mpya, Samba mpya, diski mbili zinazoakisiana, UPS. Ankara ya Windows Server ukihesabu na leseni za kila mtumiaji ingenunua vyote hivyo na chenji ikabaki ya uzio. Akaisoma yote, akavua miwani.

"Fildi yako inaisha lini?"

"Septemba, mwalimu."

"Mimi Desemba. Januari mosi nani anajua nywila?"

Sikuwa na jibu. Anayebaki ni mwalimu mmoja kijana wa fizikia, dada mchapakazi, na maisha yake yote amegusa Windows tu. Kwa hoja ya mzee, na kwa historia yote niliyowasimulia (marufuku, NetWare, ile baiskeli), jibu sahihi lingeweza kuwa ankara ya mhasibu. Usiku ule niliiandika karatasi ya pili ikisema hivyo. Kweli kabisa, ninayo hapa. Nikafikiria hata njia ya tatu, kutokuwa na seva, kushirikisha folda kutoka kwenye moja ya zile Windows 10. Inaruhusu mashine 20 kwa wakati mmoja na sisi tuna 19. Lakini Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, na mfadhili akileta boksi moja tu la kompyuta tumefungiwa nje.

Kilichoniokoa ni daftari. Jumanne nilimkalisha madam wa fizikia mbele ya kompyuta tupu, nikampa daftari na karatasi mbili nilizoongeza mimi kwa yale yaliyobadilika, nikakaa kwenye dawati la nyuma na mikono nimeikalia. Ilimchukua saa tano. Alikwama mara mbili, mara moja kwa sababu herufi 'l' ya mwalimu inafanana na 1. Jumatano akarudia peke yake, mimi nikiwa kantini nakula ndizi nyama, saa moja na nusu. Zile tisa zikafungua. iMac zikafungua. XP mbili amezigeuza kuwa Linux nyepesi, mbili zimegoma, hizo zimekatwa waya na zitabaki za kujifunzia kuchapa. Mhasibu ameona folda yake kwenye laptopu, akanuna kidogo kwamba alisumbuka bure kutafuta ankara, halafu akauliza kama printa nayo itafanya kazi. Inafanya.

Karatasi ya tatu ndiyo inayokwenda kwa bodi, na jina la madam liko juu, langu chini. Mzee alipoisoma alisema jambo moja tu. Alinikumbusha ile Mahakama ya Rwanda iliyokaa AICC tangu miaka ya tisini na kufungwa Desemba 2015. Kumbukumbu zake zipo mpaka leo kule Lakilaki, mawakili na watafiti wanazifungua, na hakuna anayeuliza zilianzia kwenye Windows gani. "Alama za watoto ni hivyohivyo," akasema. Basi nimeongeza mstari: kila mwisho wa muhula alama zichapwe kwenye faili la kawaida la maandishi, na nakala moja itoke nje ya jengo.

Sasa ni Alhamisi saa tano usiku, niko chumba cha jiografia na madam, Mkuu ameturuhusu tulale hapa. Tunanyonya diski ya zamani kabla haijakata roho. Imefika asilimia 61. Folda ya 2011 imegoma mara mbili, inatafuna bisi halafu inanyamaza. Nimempigia mwalimu. Amesema alama za mwaka ule alizichapa, ziko nyumbani kwake juu ya kabati, kwenye gunia la kahawa. Asubuhi napitia huko kabla bodi haijakaa.